Mstari Nilioutoa kwenye Nasadiki

Sikumwekea sumu kwenye pombe, wala sikumchomea nyumba, wala sikwenda kwa mganga kule Munanila kama jirani zangu walivyonishauri. Mimi ni Mkatoliki. Nilimtolea mstari mmoja tu kwenye Nasadiki, ile kanuni yetu ya imani, mstari wenye maneno matatu, nikaukalia kama kuku anavyokalia yai.

Naandika polepole, maana shule niliishia darasa la tatu. Lakini Katekisimu ninayo yote kichwani, swali na jibu lake, tangu nilipokuwa msichana wa kuchota maji. Kigango chetu, kikanisa cha mbali na parokia, kiko mlimani upande wa Heru Juu. Katekista wetu, Tharsisi, ana vigango vitatu na pikipiki moja inayokohoa. Ndiyo maana miaka minane iliyopita aliniambia, "Mama Longinus, vijana niachie mimi. Hawa wazee wasiojua kusoma wafundishe wewe kwa mdomo. Wewe una subira."

Ni kweli ninayo. Watu hudhani subira ni upole.

Longinus alikuwa mwanangu wa kiume, sikuwa na mwingine. Miaka kumi na mmoja iliyopita, Jumanne asubuhi, alikuwa anarudi kutoka Rungwe Mpya na mbuzi wawili aliowanunua kihalali. Asubuhi hiyohiyo mzee mmoja wa kijiji chetu, Mpawenimana, aliamka akakuta zizi lake liko wazi, mbuzi hawamo. Akapiga induru. Huku kwetu induru ikilia kila mwanaume anaacha jembe na kukimbia. Wakamkuta Longinus kwenye kivuko cha mto. Wakamuuliza Mpawenimana, "Ndiye?" Akajibu, "Ndiye."

Mimi nilifika wameshatawanyika. Nilimvuta mwanangu kutoka majini, nikamfunika kwa kanga niliyovaa.

Siku ya tatu mbuzi wa Mpawenimana walionekana kwa mpwa wake, aliyewachukua kwenda kuwachunga bila kusema. Polisi walikuja kuuliza. Kila mtu alikuwa shamba la mbali siku ile, hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia. Na Mpawenimana hakufika msibani, hakuleta hata kuni. Kwa miaka kumi na mmoja tukikutana njiani yeye anageuka kuangalia mihogo. Mke wa Longinus aliolewa Kigoma mjini, akaniachia mtoto wa miaka miwili, Providence, nikamlea.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo tumboni mwaka jana mwezi wa tisa, Jumatano saa kumi jioni, nilipomwona Mpawenimana anapanda mlima kwa fimbo kuja darasani kwangu.

Tulikuwa tumekaa nje ya kanisa, upande wenye kivuli. Darasa lilikuwa na watu watatu: mzee mmoja na mkewe, wapole kama kondoo, na Ghati, mjane wa polisi mstaafu, mtu wa Mara aliyezeekea huku. Ghati masikio yalikuwa mazito na ulimi mwepesi.

"Mwakeye, mwalimu," Mpawenimana akanisalimu.

"Umepotea njia? Kilabu cha pombe kiko bondeni."

"Nimekuja kusoma dini."

"Dini ya nani?"

"Hii yenu. Nina uvimbe tumboni, daktari wa Kasulu ameniambia nile ninachotaka. Mtu akiambiwa ale anachotaka, ameshaambiwa. Nilimwona marehemu Yohana alivyozikwa, watu na nyimbo toka nyumbani mpaka kaburini. Na mimi nataka nizikwe kwa nyimbo."

Ghati akacheka. "Karibu, mzee. Kaa kwenye jiwe lile, halina mwenyewe. Linapigwa na jua, ndiyo maana halina mwenyewe."

Akakaa juani. Mimi nikabaki nimesimama. Si kwa hofu.

Ngoja nieleze, maana wengine hawajui. Sisi tuliobatizwa tukitenda dhambi tunapiga magoti mbele ya padre na kuisema kwa midomo yetu wenyewe. Nimeungama kwa kumtukana jirani, nimeungama hata kwa maharage niliyochuma kwenye mpaka. Lakini mtu mzima anayebatizwa, akiwa na majuto, maji yale yanamwosha kila alichofanya tangu azaliwe. Haungami hata moja. Padre hamuulizi. Anaingia mweusi, anatoka mweupe, na mdomo hajaufungua.

Mpawenimana alikuwa hajui hilo. Alikuja kutafuta nyimbo, kama mtu anayekaa kupumzika juu ya hazina iliyofukiwa. Na mwenye jembe nilikuwa mimi.

Jioni ile nikiwa napepeta maharage nikafikiri: kama hajui kwamba ipo, hataiomba. Asipoiamini, atakwenda kaburini na nyimbo zake na mzigo wake. Nyimbo nitamwimbia mwenyewe, kwa sauti ya kwanza.

Nasadiki yetu inafika mahali panaposema tunasadiki Kanisa takatifu katoliki, ushirika wa watakatifu, maondoleo ya dhambi, ufufuko wa miili, uzima wa milele. Mimi nikawafundisha: Kanisa takatifu katoliki, ushirika wa watakatifu, ufufuko wa miili. Nikaruka kama mtu anavyoruka mfereji, bila kuangalia chini. Wakaitikia pamoja, wote wanne. Hawakujua kwamba kuna kitu katikati. Na kwa kuwa katika parokia yetu wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, hutolewa nje baada ya mahubiri, kabla watu hawajasema Nasadiki, na anayewatoa ni mimi, hawakuisikia kwa wengine pia. Niliwapeleka mpaka kule kwenye mikaratusi, mbali.

Kumbuka nilikuwa na watu watatu wengine ambao hawakunikosea kitu. Niliwanyima wote ili nimnyime mmoja. Nilijua nafanya nini. Nilisema moyoni, nao nitawapa baadaye, yeye akishakufa.

Baba Yetu sikuweza kuigusa, kila mtoto anaijua. Lakini nilimfafanulia. "Tunasema utusamehe makosa yetu," nikamwambia. "Kuomba si kupewa. Tena umesikia mbele yake, kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea. Kipimo ni hicho." Nikamtazama usoni. "Na kila mtu anajua waliomkosea amewapimia kiasi gani."

Akainamisha kichwa.

Masomo mengine niliyafundisha vizuri, sikuharibu kitu. Nilifundisha Mungu mmoja katika Nafsi tatu, na Ghati akasema, "Basi huyo nyumbani kwake hakosi wa kuongea naye. Mimi naongea na kuku." Nilifundisha kwamba mkate ule ukishageuzwa si mkate tena, ni Mwili wenyewe wa Bwana, na yule mzee mpole akauliza kama unaweza kula huku una jino bovu. Tulicheka. Mpawenimana naye alicheka, nikaona meno yake, nikarudi kwenye somo.

Lakini hukumu niliifundisha wiki nne. Nilifundisha kifo, nikafundisha toharani, nikafundisha moto wa milele mpaka yule mama mpole akaomba tuhame somo. Somo la Kitubio, la kuungama na kusamehewa, kila nilipolifikia nilisema, "Hili tutalifanya wiki ijayo." Tharsisi alikuja mara moja kwa mwezi, akauliza maswali mawili matatu huku pikipiki inanguruma, wakajibu bila kosa. "Mama Longinus, hawa wako imara," akasema, akaondoka na vumbi lake.

Siku moja baada ya somo Mpawenimana alibaki nyuma. Alikuwa ameshaanza kukonda, koti limekuwa la mtu mwingine.

"Mwalimu. Huyo atakayekuja kuwahukumu wazima na wafu, anakumbuka na ya zamani?"

"Hasahau hata punje."

"Hata kama wakati ule mtu alikuwa bado hajaijua dini?"

"Hasa huyo," nikasema.

Hapo niliongopa wazi. Akashuka mlima akisimama kila hatua kumi. Mimi nikaenda nyumbani nikala ugali na dagaa nikashiba, jambo ambalo sikuwa nimelifanya siku nyingi. Providence akaniuliza, "Bibi, leo una nini? Unaimba."

Krismasi ikapita, ikaja Kwaresima na mvua zake. Niliona kwamba Ghati hachekeshi tena. Alikuwa anakaa kwenye kona, ameshika shavu. Niliona, nikapita. Macho yangu yalikuwa na mtu mmoja tu wa kumtazama.

Halafu Ghati akaugua. Kifua. Jumatano moja ya mwezi wa tatu hakuja darasani, na mvua ikawa inamwagika, nikaambiwa ananiita. Nikaenda. Mpawenimana, ambaye nyumba yake haiko mbali na pale, nilimkuta ndani kabla yangu, anakoka moto. Wale wawili walikuwa wamezoeana kwenye yale mawe yetu. Tharsisi alikuwa kigango cha mbali na mto umejaa. Ghati alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima na debe kichwani.

"Mwalimu," akasema, "sitafika Pasaka. Nibatize."

Kila Mkristo anajua kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, na padre hayupo, yeyote anaweza kubatiza. Nikasema nitambatiza. Lakini akanishika mkono.

"Ngoja. Kwanza niambie. Kule Mara nilikuwa na mtoto wa kike, miaka miwili. Nilimweka kwenye mlango wa mama mkwe alfajiri, nikapanda basi na yule polisi. Sikurudi. Sikuuliza hata kama anaishi. Miezi sita hii wewe umetufundisha, na mimi nasikiliza kwa masikio yangu haya mabovu, natafuta. Umetufundisha atakuja kuhukumu. Nimesadiki. Umetufundisha moto. Nimesadiki. Lakini pa kupitia sijapaona. Nimerudia Nasadiki yote usiku na mchana, sijapaona. Nimepitwa kwa uziwi, au hapapo?"

Mwanamke huyu alikuwa amekaa miezi sita kwenye moto niliouwasha kwa ajili ya mtu mwingine.

Nikageuka. Mpawenimana alikuwa amekaa palepale kando ya mafiga, anatutazama.

"Nenda kachote maji ya ubatizo," nikamwambia.

"Maji yapo, mwalimu." Akanyoosha bakuli mlangoni, chini ya bati. Mvua ikalijaza wakati namwangalia. Akarudi nalo, akasimama kando yangu.

"Basi nenda kamwite jirani."

"Yupi atakayekuja kwenye mvua hii?"

Nikainama kwenye sikio la Ghati, nikamnong'oneza.

"Sisikii," akasema.

Nikanong'ona tena, karibu zaidi, mdomo ukagusa kitambaa chake.

"Apoline!" Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. "Nakufa, na wewe unaniimbia kama nzi. Sema!"

Nikamtazama yule mzee na bakuli lake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mkononi, na nilikuwa nimebakiza siku chache tu. Na huyu mama alikuwa ananitazama kwa macho ambayo hayakuwahi kunikosea.

Nikasema. Nikapiga kelele, maana mvua ilikuwa inapiga bati. "Nasadiki maondoleo ya dhambi! Yapo, Ghati! Yapo kwenye Nasadiki, ni mimi niliyeyatoa! Maji haya yanaosha yote, na la mtoto wako limo!"

Akafumba macho. Machozi yakatoka pembeni. Halafu akasema, "Kumbe. Mchawi wewe." Na akatabasamu kidogo. "Nipe jina fupi. Ulimi umechoka."

Nikachukua bakuli kutoka mikononi mwa Mpawenimana, nikammiminia kichwani mara tatu, nikasema, "Ana, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Alikufa kabla ya jioni, amelala kama mtu aliyemaliza kupalilia.

Nikatoka nje. Mpawenimana akanifuata mpaka barazani.

"Mwalimu. Lile neno ulilompa Ghati. Ni la wanawake peke yao?"

Nikajitanda kanga kichwani.

"Kwa sababu sisi hukutufundisha."

"Halikuwa limefika zamu."

"Zamu yangu mimi ni lini?"

Nikaingia kwenye mvua nikamwacha hapo. Nilikuwa nimekasirika kuliko siku ile ya kivukoni. Siku ile nilinyang'anywa mwanangu. Sasa nilikuwa nanyang'anywa hata kile nilichokiweka badala yake.

Wiki ya pili akaja Padre Nathaniel kuwahoji wanaobatizwa. Ni padre kijana, si wa huku, anaogopa utelezi wetu na huvaa buti mpaka altareni. Wakaweka meza mbele ya kanisa, Tharsisi kando yake na daftari. Yule mzee mpole na mkewe nilikuwa nimeshawafundisha mstari wao, nikawaambia tulikuwa tumeusahau. Wakasema bila kosa. Mpawenimana sikumwambia kitu.

Akasimama na fimbo yake. Akaanza vizuri, kwa sauti nyembamba. Akateremka mpaka Kanisa takatifu katoliki, ushirika wa watakatifu. Akanyamaza.

"Endelea, mzee," Padre akasema. "Umesahau?"

"Sijasahau, Padre. Hapa kuna neno. Najua lipo, nililisikia nikiwa nimeshika bakuli. Lakini sikupewa mimi, alipewa marehemu. Siwezi kula cha marehemu."

Tharsisi akacheka, akadhani ni utani wa wazee. Padre hakucheka. Akanitazama mimi.

"Mwalimu, hukumfundisha?"

"Sikumfundisha."

"Umesahau?"

"Sikusahau."

Tharsisi akaacha kuandika. Padre akaniambia tuingie ndani, kwenye kile chumba cha mavazi. Nikamweleza yote, toka mbuzi mpaka Ghati. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza akauliza, "Ulitaka nini, mama?"

"Nilitaka afe bila."

"Yale si yako. Maondoleo ya dhambi ni ya Mungu."

"Najua si yangu, Padre. Ndiyo maana niliyaiba."

"Na Ghati?"

Hilo lilinipata. Nikakaa kwenye benchi. Nikamwambia hilo la Ghati nitaliungama, hata leo, na kitubio chochote nitakifanya kwa magoti. La Mpawenimana sina la kuungama bado.

Akafikiri. "Kuanzia leo hufundishi tena."

"Ni haki."

"Na yeye nitambatiza mkesha wa Pasaka. Anajuta. Nimemwona."

"Wewe umemwona. Mimi sioni ndani ya mtu. Na hataungama kwako, maana ubatizo unaosha bila kuungama. Nalijua hilo tangu hujazaliwa. Mimi nimeungama kwa maharage, Padre. Maharage! Huyu atavuka mto mzima na hata mdomo haujalowa."

"Siwezi kumlazimisha kusema."

"Usimlazimishe. Mwambie tu kwamba niko nyumbani. Aje kwangu akiwa bado mkavu."

Jumamosi Kuu, asubuhi, alikuja. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, namenya mihogo. Alisimama uani, nikamwacha asimame.

"Nimekuja," akasema.

"Nakuona."

"Siku ile nilipiga induru kabla sijatazama vizuri. Watu wakaja wengi, wana mapanga, wana marungu, wameacha mashamba. Nikaona mwizi hakuna, zizini hata nyayo za mgeni hakuna. Mwalimu, unajua huku kwetu. Mtu akipiga induru watu wakaja bure, siku nyingine akilia haendi mtu, hata nyumba ikiungua. Hata akifa. Nikaogopa. Tukaenda tu mbele, na mimi naomba tukute mtu. Tukamkuta Longinus."

"Ulijua mbuzi wale si wako."

"Wangu walikuwa na madoa. Wake walikuwa weusi."

Kisu kikaniteleza. Sikuhisi kidole.

"Aliniita kwa jina," akaendelea. "Alisema, 'Mzee Mpawe, niangalie vizuri.' Nikamwangalia vizuri. Nikasema, ndiye."

Nilikuwa nimesubiri maneno hayo miaka kumi na mmoja, na yalipokuja hayakuwa mazito kama nilivyofikiri. Yalikuwa mepesi, ya kipumbavu. Mwanangu aliuawa kwa sababu mtu aliona haya.

Nikaita, "Providence! Njoo hapa." Akatoka jikoni na mikono ya majivu. Ana miaka kumi na mitatu na paji la uso la baba yake. Nikamwambia mzee, "Sema tena. Huyu hakusikia."

Akasema tena, toka mwanzo, mpaka madoa, mpaka jina. Providence alisikiliza. Mwishoni akamuuliza swali ambalo mimi sikulifikiria.

"Wewe ulimpiga?"

"Sikumpiga, mjukuu wangu."

"Mimi si mjukuu wako. Waliompiga ni nani?"

Mpawenimana akaangalia mihogo. Safari hii ilikuwa kwenye sufuria.

"Hao wana watoto," akasema. "Wengine ni ndugu zangu. La kwangu nimelisema. La wengine niachieni nife nalo."

Nikainuka kwenye mkeka. Magoti yangu hupiga kelele lakini yananibeba. Nikamsogelea mpaka nikasikia harufu ya dawa zake.

"Sasa nisikilize, maana hili ndilo somo la Kitubio ambalo sikukufundisha, na nakufundisha leo bila ruhusa ya Padre. Leo jioni utamiminiwa maji. Yatakuosha. La Longinus litaondoka, siwezi kulizuia, nimejaribu nimeshindwa. Utakuwa mweupe kuliko mimi. Lakini maji yale yanaosha ya jana. Kesho ukiamka Mkristo, nawe unawajua waliomuua mtu, na mama yake anauliza, na wewe unanyamaza kuwaficha, hiyo ni dhambi mpya. Hiyo haina ubatizo, ubatizo ni mmoja. Hiyo utakwenda nayo kwa Padre Nathaniel kwa magoti na mdomo wako. Na kesho kutwa ukinyamaza, nyingine. Una siku ngapi wewe? Zitakazobaki zote nitakuwa mlangoni kwako nauliza. Kila asubuhi. Unajua nina subira."

Midomo yake ikawa inahesabu kitu.

"Mwalimu wewe ni mkali," akasema.

"Mimi si mwalimu tena. Nenda, usichelewe mkesha."

Nilikwenda mkesha. Nilisimama nyuma na Providence. Alibatizwa, akapewa mshumaa, akalia kama mtoto. Sikuona huruma, na sitasema uongo kwamba niliona. Pasaka asubuhi nilikwenda mlangoni kwake, nikauliza. Akanyamaza. Jumatatu nikaenda tena, nikauliza. Akasema, "Kesho ofisi zinafunguliwa?"

"Zinafunguliwa."

Jumanne saa mbili tulikuwa barabarani, yeye na koti lake, mimi na kanga mpya. Nikasimamisha bodaboda mbili za kwenda kituo cha polisi Kasulu. Katika mashamba ya kando watu walikuwa wanapalilia, wanaume wengi wa rika la walioitikia induru ile. Walipotuona pamoja waliacha kupalilia. Mmoja akainama, akajifanya anachomoa mwiba mguuni. Mwingine akaanza kuondoka, kwanza polepole.

Kumsamehe nitamsamehe, Mungu akinipa umri. Nimeshaanza kuliombea hilo, kidogo, kwenye fungu la mwisho la rozari.

Yeye nikampandisha bodaboda ya mbele. Mimi nikapanda ya nyuma, nikamwambia dereva wangu, "Usimpite, na usimwache."